Uanze na Kusudi, au Uanze na Kazi Iliyo Mkononi?

Kuna uchovu unaoisha ukilala, na kuna uchovu unaolala nao ukaamka nao. Huu wa pili mara nyingi hausababishwi na wingi wa kazi. Unatokana na kufanya mambo mengi usiyoyaona yanakokupeleka. Umejibu ujumbe, umefua, umehudhuria kikao, umejaza fomu, umekimbizana na siku hadi jua likazama, na ukijiuliza siku hiyo ilikuwa ya nini, unakosa jibu. Anayefika hapo huambiwa atafute kusudi la maisha yake. Ushauri ni mzuri, lakini haumwonyeshi pa kuanzia, na wengi hukwama papo hapo.

Njia za kuanzia, kwa ninavyozijua, ni mbili. Ya kwanza inashuka: unakaa, unaandika unaishi kwa ajili ya nini, kisha unateremka na kusudi hilo hadi kwenye ratiba ya kesho. Ya pili inapanda: unachukua kazi ulizonazo leo, unaiuliza kila moja "ili iweje?" na unazidi kuiuliza mpaka ikuonyeshe inakokwenda. Nimezipita zote mbili. Nitazilinganisha waziwazi na nitasema naelemea upande gani, kwa sababu kushika njia isiyokufaa kwa wakati ulio nao kunaweza kukupotezea miezi.

Njia inayoshuka

Mfano wake maarufu ni Benjamin Franklin, Mmarekani wa karne ya 18. Aliorodhesha tabia njema 13, akaipa kila moja wiki yake, na katika kijitabu chenye mistari akaweka alama kila alipoteleza. Ratiba yake ya siku ilianza na swali: leo nitende jema gani? Jioni alijiuliza jingine: leo nimetenda jema gani? Yaani alikwisha kuamua anataka kuwa mtu wa namna gani, saa za siku zikafuata. Na bado, kwa maelezo yake mwenyewe, tabia iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa mpangilio, yaani kila kitu kiwe mahali pake na kila shughuli iwe na wakati wake. Jambo hili hunifariji. Aliyekuwa na ramani nzima naye alipotea njiani, na alikiri kwamba kule kujaribu tu kulimfanya awe mtu bora kuliko angekuwa asingejaribu.

Nguvu ya njia hii iko kwenye kukataa. Mtu anayejua anaishi kwa ajili ya nini anaweza kuitazama nafasi nzuri, yenye malipo mazuri, iliyoletwa na mtu mzuri, akasema hapana bila kukosa usingizi. Asiye na kipimo hicho hupokea kila kilicho chema, na vyema vikizidi mikono vinaanguka. Mshika mawili moja humponyoka, na siku hizi wengi wetu tumeshika saba. Kwa hiyo ukiwa kwenye njia panda, unahama, unabadilisha fani, umestaafu, umefiwa na mtu uliyempangia maisha yako yote, njia inayoshuka haina mbadala. Huwezi kuziuliza kazi za leo zinakupeleka wapi wakati kazi zenyewe ndizo zinazobadilika.

Udhaifu wake nimeuona kwa macho yangu. Wakati fulani niliandika sentensi ya kusudi langu baada ya wiki mbili za kutafakari kwa dhati, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila asubuhi nilipofunga vifungo vya shati niliisoma. Ilisema nataka "kuyagusa maisha ya watu". Miezi mitatu ikapita. Karatasi ikaanza kujikunja pembeni, gundi ikakauka, na orodha yangu ya Jumatatu ilikuwa ileile ya kabla ya karatasi.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, sentensi yenyewe ilikuwa pana mno. Mwalimu anagusa maisha ya watu, tapeli naye anayagusa. Kusudi lililoandikwa vizuri ni lazima likunyime kitu. Ukilisoma na usione hata shughuli moja ya kuacha, bado hujaliandika. La pili, kati ya sentensi na Jumatatu hapakuwa na ngazi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jambo ambalo ningelijua mapema lingenisaidia: nia peke yake ni dhaifu, lakini nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali, kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hutimia mara nyingi zaidi. "Nataka kuwa mzazi aliye karibu na mwanangu" hubaki mlangoni mwa kabati. "Mtoto akimaliza kupiga mswaki, nitaketi ukingoni mwa kitanda chake nimsomee kurasa mbili, simu ikiwa chumba kingine" hutendeka leo usiku.

Kuna jambo jingine linalowapotosha watu kwenye njia hii, nalo ni dhana kwamba kusudi lazima liwe ajira. Huenda umeuona ule mchoro wa duara nne zinazopishana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, unacholipwa, na katikati pameandikwa neno la Kijapani, ikigai, yaani kile kinachomfanya mtu aone inafaa kuishi. Mchoro huo haukutoka Japani. Mieko Kamiya, daktari wa magonjwa ya akili aliyeandika kwa kina juu ya ikigai mwaka 1966, alikuwa amefanya kazi na wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani, watu waliopokonywa kazi, familia na heshima. Yeye alitaka kujua ni nini humfanya mtu aliyepoteza yote hayo aone bado inafaa kuishi. Mshahara hauingii katika swali hilo. Ukiamua kuanzia juu, anza na swali la Kamiya; duara nne ziache.

Njia inayopanda

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu wengi ninaowafahamu hawana nafasi ya kupanga siku yao upya. Saa zao zina wenyewe: mwajiri, mgonjwa, watoto, zamu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aandike kusudi lake kisha apange siku kulifuata, unampa huzuni mpya juu ya ile aliyokuwa nayo.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika juu ya wafanyakazi wa usafi hospitalini. Wote walikuwa na kazi ileile kwenye karatasi. Baadhi walisema kazi yao ni kusafisha, basi. Wengine walijihesabu kuwa sehemu ya matibabu. Hawa walijua mgonjwa gani hapati wageni, wakapitia kwake kumjulia hali. Walipanga kupiga deki wasije wakawakatiza wauguzi. Waliwasindikiza jamaa waliopotea kwenye korido. Wrzesniewski amesimulia habari ya mmoja aliyefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa walio katika koma, ambaye alikuwa akihamisha picha za ukutani kutoka chumba kimoja hadi kingine, akitumaini kwamba mabadiliko hayo huenda yakawagusa kwa namna fulani. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna kwenye mkataba wake palipoandikwa picha.

Kwa maelezo ya watafiti hao, mtu huweza kuigeuza kazi yake kwa mikono mitatu: kubadilisha kidogo anachofanya, kubadilisha anakutana na nani na kwa vipi, na kubadilisha anavyoitazama. Wengi hukimbilia mkono wa tatu kwa kuwa ni rahisi, kumbe ndio dhaifu ukiachwa peke yake. Wa pili ndio wenye nguvu. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wapiga simu waliokuwa wakiomba michango ya chuo kikuu. Kikundi kimoja kilikutanishwa kwa muda mfupi na mwanafunzi aliyesoma kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa kuzungumza kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu, na michango waliyokusanya vilevile. Hawakuongezewa malipo wala maneno mapya ya kusema. Walichopata ni kumwona mtu ambaye kazi yao inaishia kwake.

Nami nilimwona wangu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhakiki orodha za matokeo ya watahiniwa. Karatasi upande mmoja, skrini upande wa pili, rula chini ya mstari, kidole kwenye namba. Nasoma, nalinganisha, nasogeza rula. Mistari mia kabla ya saa nne, mingine mia kabla ya saa sita. Siku moja kijana alisimama dirishani na bahasha iliyolowa jasho pembeni.

"Shikamoo. Samahani, jina hili ni langu, ila alama si zangu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Tarakimu 6 ilikuwa imesomeka 0, na alama zake zikawa zimekaa kwa mtu mwingine. Kurekebisha kulichukua dakika chache. Alipopokea karatasi mpya hakusema lolote. Aliusoma mstari wake kwa sauti ndogo, jina kisha namba, akausoma tena, akaikunja karatasi kwa uangalifu kana kwamba ingeweza kuvunjika. Kesho yake rula ilikuwa ileile na mistari mia ilikuwa mia. Lakini kila mstari ulikuwa na mtu amesimama nyuma yake na bahasha mkononi, na mimi nilikuwa nikiusogeza polepole zaidi.

Hivyo ndivyo "ili iweje?" inavyofanya kazi ikiulizwa kwa uaminifu. Nahakiki namba, ili iweje? Ili orodha iwe sahihi. Ili iweje? Ili alama zimfikie mwenyewe. Ili iweje? Ili aliyesoma kwa taa ya kuazima apate nafasi aliyoitolea jasho. Nilipofika hapo sikuhitaji tena kuuliza. Niligundua pia kitu ambacho karatasi ya kabatini haikuwahi kuniambia: nathamini haki kuliko ninavyothamini "kugusa maisha". Sentensi yangu ya pili ya kusudi, iliyokuja miaka baadaye, ilitoka kwenye rula.

Sasa hatari zake, maana njia hii ina hatari ambazo wanaoipenda hawazisemi.

Ya kwanza, inaweza kupamba uongo. Ukiwa na ulimi mwepesi unaweza kuipandisha kazi yoyote hadi ionekane tukufu. Jibu la uaminifu wakati mwingine ni fupi na chungu: naandika ripoti hii ili iweje? Ili iwekwe kwenye faili. Ili iweje? Ili tuonekane tumeandika. Ukifika hapo usilazimishe maana. Umepata kazi ya kupunguza, kuunganisha na nyingine, au kuacha. Na mlolongo ukiishia kwenye "ili mtu adanganyike", shida haiko kwenye mtazamo wako.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti juu ya watunza wanyama wa bustani za wanyama Amerika Kaskazini, watu wenye wito wa wazi kabisa. Wito uliwapa maana kubwa, na wito huohuo uliwafanya wavumilie malipo duni, wajitolee muda wao na wawatilie shaka waajiri wao. Anayeipenda kazi yake kwa moyo wote ni rahisi kunyonywa. Kwa hiyo kupata maana kwenye kazi kusikunyime ulimi wa kudai haki yako.

Ya tatu nimeijua kitandani pa mama yangu. Alipolala miezi bila kuweza kujigeuza, ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Saa nane usiku kengele inalia. Hapo sikuhitaji kuuliza "ili iweje?", jibu lilikuwa limelala mbele yangu. Na bado nilikuwa nimechoka hadi mikono ikitetemeka. Kazi yenye maana nayo inachosha. Kilichonivusha saa zile hakikuwa kufikiri juu ya upendo wa mzazi. Zilikuwa hatua: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, vuta, weka mto, nyoosha shuka. Wanasaikolojia Robin Vallacher na Daniel Wegner walieleza mwaka 1987 kwamba tendo lilelile huweza kuitwa kwa majina ya juu au ya chini, na kwamba likiwa gumu, akili hushuka kwenye majina ya chini, kwenye hatua zenyewe. Nadhani hiyo ni rehema. Kusudi ni la kutazamwa kabla ya kazi na baada yake. Katikati ya ugumu, shika hatua.

Zikiwekwa pamoja

Njia inayoshuka inadai ukimya mwingi mwanzoni, saa kadhaa ambazo hakuna anayekuita, na matunda yake huchelewa. Njia inayopanda haidai kitu zaidi ya kazi uliyonayo, na huenda ukaona mabadiliko wiki hiihii, hata kama ni madogo.

Kwa maamuzi makubwa, inayoshuka inashinda bila ubishi. Kwa Jumanne ya kawaida, inayopanda inashinda, tena kwa mbali.

Lakini tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote ni jinsi zinavyoshindwa. Ile inayoshuka hushindwa kimya: unabaki na sentensi nzuri mlangoni na maisha mengine kabisa mezani, na kwa kuwa sentensi ni nzuri, hushtuki. Ile inayopanda hushindwa kwa kukutuliza: unapata maana ya kutosha kuvumilia mahali ambapo ulipaswa kuondoka. Kwa hiyo jiulize wewe ni mtu wa kosa lipi. Kama una historia ya kuanzisha mambo makubwa kwenye karatasi yasiyofika popote, usianze juu. Kama una historia ya kuvumilia kupita kiasi, usianze chini peke yake, maana utajipa sababu nyingine ya kuvumilia.

Vyovyote uanzavyo, ipo kazi ndogo ya jioni inayozisindikiza zote mbili. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake wajichunguze mara mbili kwa siku. Si lazima uwe wa imani yake ili ufaidike na utaratibu huo. Mimi hutumia mistari miwili kwenye daftari: saa gani leo nilihisi niko mahali pangu, na saa gani nilihisi nimejipoteza. Bila maelezo marefu. Usiku mmoja hauonyeshi kitu. Baada ya wiki nne unasoma kurasa nyuma na unaona jambo moja likijirudia bila wewe kulipanga.

Wewe uanze na ipi

Kama uko njia panda, tenga siku moja na uanze juu, kisha usilale kabla hujaandika "likitokea hili, nitafanya lile" angalau moja. Kama unauguza, unalea watoto wadogo, au unafanya zamu zisizo na huruma, anza chini, na usikubali mtu akuaibishe kwa kukosa sentensi ya kusudi, itakuja yenyewe. Kama una kazi uliyoizoea na moyo umekufa ganzi, anza chini, lakini uanze na mkono wa pili: mtafute mtu mmoja ambaye kazi yako inaishia kwake, ukakutane naye ana kwa ana. Kijana asiye na majukumu mengi anaweza kuanza popote, ingawa mimi ningemshauri afanye kazi nyingi tofauti kwanza na aandike baadaye. Na kama kazi unayofanya inakuumiza au inaumiza wengine, usiitafutie maana. Tafuta pa kutokea.

Ukiwa bado huna uhakika, jaribu hili siku saba. Usiku, chukua orodha ya ulivyofanya siku hiyo, vyote, hata kuosha vyombo. Mbele ya kila kimoja andika jina la mtu ambaye kiliishia kwake. Jina lako mwenyewe linaruhusiwa. Usipopata jina, weka msalaba. Siku ya nane, hesabu misalaba. Ikiwa michache, umeshaanza kupanda. Endelea na uyaangalie majina yanayojirudia. Ikiwa mingi kuliko majina, tafuta siku ya ukimya na karatasi nyeupe.